Chevrolet C1500 ya 1997 baada ya kushushwa: uzoefu wangu

Nimeiendesha pikapu yangu ikiwa imeshushwa, yaani imeletwa karibu zaidi na ardhi, tupu na yenye mzigo, kwenye joto la Houston na kwenye mvua zake, na naweza kusema kwa uhakika kwamba kwa gari hili inchi 2 mbele na inchi 4 nyuma ndicho kipimo kinachofaa. Likienda chini ya hapo linapendeza zaidi kwenye picha, lakini kazi za pikapu zinaanza kukushinda moja moja.

Yangu ni ya kabati moja na bodi (sehemu ya mzigo) fupi, injini V8 ya lita 5.7, inayoendeshwa na magurudumu ya nyuma. Pikapu za Chevrolet na GMC za umbo hili, zilizoanza na modeli ya 1988, bado ziko nyingi sana Texas, na vipuri vya kuzishusha vinapatikana bila kuhangaika. Zimetoka kiwandani zikiwa zimeinuka nyuma, kwa sababu zilikusudiwa kubeba. Ukipakia zinakaa sawa, zikiwa tupu zinainamisha pua. Ndiyo maana nyuma hushushwa zaidi kuliko mbele.

Mbele nilinunua spindo za Belltech za inchi 2, na hapa ndipo ninaposifu bila kubania. Spindo ni kile chuma kinachobeba habu ya gurudumu, kati ya mkono wa juu na wa chini, ile mikono ya chuma inayounganisha gurudumu na chasisi. Hizi zimetengenezwa habu ikae juu zaidi, basi gari linashuka huku springi zikibaki zilezile za kiwandani. Mikono haijabadilika pembe, shokapu ina nafasi yake yote ya kupanda na kushuka. Ukiwa ndani huhisi tofauti kwenye mashimo. Kwenye kona ndiyo unaihisi, kwa sababu gari halilali upande kama zamani.

Wapo wanaokata springi kwa grainda kwa kuwa haina gharama. Tafadhali msifanye hivyo. Springi iliyokatwa inakuwa ngumu, mwendo wake unapungua, na kila bonde mkono unagonga ule mpira uliowekwa kuzuia chuma kisigonge chuma. Nimepanda pikapu ya namna hiyo kwenye barabara kuu nikashuka mgongo unauma. Jambo jingine la kuzingatia ni usalama wa anayefungua: springi ya koili imebanwa kwa nguvu kubwa, na boljointi (kiungo kinachoshikanisha spindo na mkono) ikiachia wakati hakuna jeki imara chini ya mkono wa chini, inaweza kuua mtu. Kama hujawahi kuifanya kazi hiyo, mlipe fundi.

Nyuma ndiko kuliko na jasho. Springi za huko ni zile bapa zilizopangwa safu, zimeshikwa mbele na mabano na nyuma na shakeli, kipande cha chuma kinachobembea springi inapojikunjua. Ukibadilisha mabano na shakeli, kila kimoja kikishusha takriban inchi 2, unapata zile 4. Tatizo ni kwamba mabano ya kiwandani hayakufungwa kwa bolti, yamepigwa riveti (pini za chuma zilizopondwa vichwa) kwenye chasisi. Lazima vichwa vya riveti visagwe kisha zisukumwe nje, na baada ya miaka karibu 30 ya kutu hazitoki kwa hiari. Upande wa dereva kuna tangi la mafuta karibu kabisa, na grainda hutoa cheche. Fundi anayetaka kusaga pale bila kulishusha tangi, au walau kulikinga vizuri, mnyang'anye funguo.

Gereji niliyoitumia ilifanya vizuri kwenye riveti, ila ilinirudishia gari bila kupima pembe ya difu, ile gia iliyo katikati ya ekseli ya nyuma. Likifika maili 60 kwa saa, sakafu ilikuwa inatetemeka. Ekseli ikibadili mkao, propela (mhimili unaoleta nguvu ya injini nyuma) inaingia kwenye difu kwa pembe nyingine na joint zake hazizunguki sawasawa. Dawa yake ni kabari nyembamba ya chuma kati ya springi na ekseli, na baada ya kuwekwa mtetemo uliisha kabisa. Ulizia jambo hili kabla hujalipa. Sharti lingine ni alaimenti (kurekebisha pembe za magurudumu), siku hiyohiyo ikiwezekana, la sivyo matairi ya mbele yatalika upande mmoja haraka. Taa za mbele nazo zirekebishwe, maana pua na mkia vimeshuka kwa vipimo tofauti.

Kuna faida ambayo sikuifikiria nilipoagiza vifaa, nayo leo naithamini kuliko sura ya gari. Mama yangu magoti yanamsumbua, na sasa anapanda mwenyewe bila kushikwa mkono. Kupakia viti na masufuria ya shughuli pia kumekuwa rahisi, bodi iko karibu na kiuno.

Hasara zipo. Nafasi kati ya ekseli ya nyuma na chasisi imepungua, kwa hiyo nikipakia sana inagonga mpira. Anayebeba mizigo mizito kila wiki afanye ule mkato wa nusu duara kwenye chasisi na kufunga bamba la kuimarisha, au aache gari lilivyo. Mvua kubwa ikinyesha, barabara zinazopita chini ya madaraja hapa Houston hujaa maji, na sasa nageuza mapema zaidi.

Wenye K1500, ile inayoendeshwa na magurudumu yote manne, wasinunue vifaa nilivyovitaja. Mbele yake hakuna koili, kuna vyuma vya kujipinda vinavyofanya kazi ya springi, na njia yake ya kuishusha ni nyingine.

Vifaa, ufundi na alaimenti vilinigharimu chini ya dola 1,500, na sehemu kubwa ya ufundi ilikwenda kwenye zile riveti.