Magari ya matangazo ya kukodi Mombasa: spika safi, mdomo ndio shida

Ukikodi gari la matangazo la kampeni mjini hapa, unapewa pikapu, spika, jenereta na mtangazaji. Huyo wa mwisho ndiye wa kuchunguzwa kabla ya kutoa arbuni, hasa ikiwa mpinzani anakuchokoza na unataka kumjibu bila kumtukana.

Spika ziwe za pembe. Yale makabati ya besi yanapendeza kwa muziki, lakini sokoni Kongowea maneno humezwa, na jibu lako kuhusu maji au taka likifika nusunusu linabaki kelele tu. Tazama pia jenereta imefungwa wapi. Ikiwa ubavuni mwa mtangazaji hajisikii, anapaza sauti, na hoja ya bajeti ikipigiwa ukelele husikika kama ugomvi. Ifungwe nyuma kabisa, naye apewe spika ndogo ya kujisikilizia.

Watangazaji wenyewe wengi ni mafundi wa mipasho, na kipaji wanacho. Kazi huenda vizuri mpaka misafara miwili ikutane Mwembe Tayari. Hapo karatasi ya maneno waliyopewa hutupwa, wazazi wa watu wakaanza kutajwa. Kwa hiyo ukodi gari, lakini majibu yarekodiwe kwenye flashi. Sekunde 45 zatosha, maneno 80 hivi: tuhuma kwa sentensi moja, ushahidi wenye tarehe na kiasi, kisha swali moja ambalo mpinzani hawezi kulikwepa. Mtaje mara moja, kwa cheo chake. Shambulia alichofanya; kabila, dini, maumbile na nyumba yake hayakuhusu. Rekodi kwa simu ndani ya gari, vioo juu, ili pasiwe na mwangwi. Kasoro ya flashi ni kwamba ya asubuhi haijibu tuhuma ya mchana, basi awepo mtu mmoja wa kuandika na mwingine wa kupitisha. Misafara ikikutana, zima, pisha, songa.

Mtangazaji wa moja kwa moja akilazimu, mpe orodha ya maneno yasiyotamkwa. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliorodhesha “madoadoa” (yaani watu wa makabila mengine waishio kati ya wenyeji) na “wabara waende kwao” miongoni mwa maneno ya chuki. “Watu wa kuja”, yaani wahamiaji, barazani huchekwa. Kwenye spika ni habari nyingine. Chini ya sheria ya uwiano na utangamano ya 2008, matamshi ya chuki ya kikabila yanaweza kukugharimu faini ya hadi shilingi milioni 1, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. IEBC, tume ya uchaguzi, nayo kupitia kamati yake ya maadili, inaweza kumtoza mwaniaji faini au kumzuia kufanya mikutano eneo fulani.

Wenye magari hupenda kukushawishi muendelee hadi usiku, ati ndipo watu wako nyumbani. Kataa: kampeni za 2022 ziliruhusiwa saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni. Ukiwa na mkutano wa hadhara, waarifu polisi kati ya siku 3 na 14 kabla. Zima spika penye hospitali na wakati wa adhana. Likoni ipewe gari lake, la sivyo pesa zako zitakaa foleni ya feri.

Mafuta ni ya nani, liandikwe. Nusu ya malipo ibaki mkononi mwako hadi jioni, ukishasikiliza rekodi ya siku nzima.