Uzio wa umeme: mashine nzuri, ethi ya aibu

Nimeshindwa kunyamaza. Uzio wa kuku tuliofungiwa na kampuni iliyotuuzia mashine, taa inawaka, mashine ya kusukuma umeme kwenye waya inagonga tik, tik kila sekunde, na mbweha anapita kama kwake. Kaua kuku, kaondoka, karudi kaua tena.

Nikampigia fundi wa kampuni. Akaja amenuna, akaitazama mashine tu, uzio wenyewe hakuusogelea. "Taa si unaiona? Mashine nzima hiyo. Labda kuku wako wanaibwa na watu." Nikamwonyesha manyoya yaliyotapakaa chini ya waya. Akacheka, akawasha pikipiki, akaenda zake. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile damu inanichemka.

Fundi mwingine nilipomwita alienda moja kwa moja kwenye ethi, kile chuma cha ardhini kinachounganishwa na mashine. Aliegemeza vyuma kwenye uzio ili umeme uvujie ardhini, mita 100 hivi kutoka kwenye mashine, mpaka volti zikashuka chini ya 2,000, kisha akapima pale kwenye ethi. Haitakiwi kuzidi volti 300. Ilisoma zaidi ya 1,000! Na ethi yenyewe sasa: kipande cha nondo chenye kutu, waya umeviringishwa kwa mkono bila kibano, kimechomekwa chini ya paa mahali ambapo mvua haifiki. Alikitikisa kidogo tu, kikang'oka na vumbi lake. Umeme ukimpiga mnyama hushuka mwilini mwake, hupita ardhini na kurudi kwenye mashine kupitia ethi. Udongo mkavu na nondo ya kutu vitaurudishaje?

Tumepigilia fimbo 3 zilizopakwa zinki, za mita 2, zikiachana mita 3, upande wa chini wenye unyevu. Juzi usiku mbweha kaweka pua kwenye waya, mlio wake nimeusikia kitandani. Nilifurahi, jamani!

Kwa hiyo mashine naipa alama zote. Nilikuwa niwaambie inunueni tu, fundi mtafute wenyewe. Ila kijitabu kilichomo ndani ya boksi kimeandika wazi kabisa, fimbo 3, na mtu wao hakukifungua! Ufungaji umo ndani ya bei, na nilipodai hela yangu wakajibu kwamba kazi "ilikamilika". Basi hapana, hata mashine msinunue kwao. Ile nondo ninayo hapa. Waje waichukue, wanirudishie changu.