Uzoefu wangu: Ghibli Museum ya Japani na mtoto wa miaka 4

Hii ni makumbusho ya Ghibli, studio ya Kijapani ya filamu za katuni. Nianze na tiketi maana hapo ndo wengi wanakwama. Pale mlangoni hawauzi kabisa, lazima ununue kabla, na zinafunguliwa kila tarehe 10 saa 4 asubuhi ya Japani kwa mwezi mzima unaofuata. Saa 4 ya kule huku Dar ni saa 10 alfajiri, so niliweka alamu nikakaa jikoni na laptop ili nisiamshe watu, foleni ya mtandaoni ikasogea weee mpaka adhana inaadhiniwa ndo nikapata. Mtu mzima ni yen 1,000, mtoto wa miaka 4 mpaka 6 ni yen 100, chini ya hapo bure, kwahiyo mimi, baba yake na binti yetu tulilipa yen 2,100 tu. Tiketi ina jina, beba pasipoti. Kuna wakala alinitajia bei zaidi ya mara tatu ya hiyo, msikubali jamani, bora uamke.

Makumbusho yenyewe iko Mitaka, mji wa pembeni ya Tokyo, kama dakika 20 kwa treni kutoka Shinjuku katikati ya jiji, pembeni ya bustani ya Inokashira. Kutoka stesheni kuna basi dogo la njano ila sisi tulitembea kufuata mfereji, njia ina miti mizuri, mtu mzima dakika 15, na mtoto anayeokota kila jani ikawa kama nusu saa. Kabla hujafika mlangoni kuna kibanda cha mapokezi, na ndani amekaa Totoro mkubwa, lile dubwana la manyoya la kwenye katuni yao, anakuangalia kupitia dirisha. Binti yangu alimpa shikamoo. Kwa sauti kabisa, na mikono kifuani.

Sasa niseme kilichonigusa. Nimeshampeleka huyu mtoto makumbusho kadhaa na kila mara kazi yangu ni kusema usiguse, njoo huku, shuka hapo. Hapa sikusema hata mara moja. Hayao Miyazaki, mwongozaji wa katuni za Ghibli, ndo aliyeibuni nyumba hii, ilifunguliwa Oktoba 2001, na unaona kabisa alimfikiria mtu wa kimo cha mwanangu: kuna vimilango ambavyo mtu mzima anainama na mtoto anapita wima, ngazi nyembamba ya kuzunguka ambayo hujui itakutokezea wapi, madirisha ya vioo vya rangi yanayomwaga rangi sakafuni. Wala hakuna mshale wa kukwambia anzia hapa malizia pale, wenyewe wanasema tupotee pamoja, basi tulipotea kweli, yeye mbele sisi nyuma.

Chumba cha chini ndo kilimshika zaidi. Kuna duara kubwa limejaa vinyago vya Totoro na watoto, kila kimoja kimetofautiana kidogo na jirani yake, linaanza kuzunguka unaona ukungu tu, afu taa zinawaka na kuzima kwa kasi na ghafla wote wanaruka, wanakimbia, wanapumua. Halafu linasimama, ni vinyago tu. Akasema "Mama, wamelala tena." Tuliangalia mara sita. Nimekua naangalia katuni na sikuwahi kuelewa kwa macho yangu kwamba hakuna kinachotembea mle, ni jicho letu linaunganisha picha zilizosimama, na mtoto wa miaka minne ameelewa kabla hajajua kusoma.

Ghorofani kuna lile basi lenye umbo la paka la kwenye katuni ya Totoro, kubwa, la manyoya laini, watoto mpaka umri wa shule ya msingi ndo wanaingia, wakubwa tunaangalia tu. Wanapewa dakika chache kwa zamu ili kila mtu apate, na yeye alilia muda ulipoisha, mwandaeni mtoto mapema kwa hilo. Kuna pia vyumba vilivyopangwa kama ofisi ya mchoraji, penseli, rangi, michoro imejaa ukutani mpaka juu, baba yake aligoma kutoka pale.

Ndani hawaruhusu kupiga picha. Mwanzoni iliniuma, nimetoka mbali hivi nirudi bila picha? Ila baada ya kama dakika kumi nilisahau simu ipo, na nikaona kila mzazi mle ndani anamwangalia mtoto wake usoni badala ya kumwangalia kwenye kioo cha simu. Ukitaka picha panda juu ya paa, kuna roboti la kama mita 5 limesimama kwenye majani, hapo mnaruhusiwa.

Vitu vidogo vya kujua: kigari cha mtoto unakiacha nje, kwahiyo mbeleko inasaidia. Mgahawa una foleni ndefu, mlisheni mtoto kabla. Jumanne huwa wamefunga. Ukumbi wa sinema unaonyesha filamu fupi ya kama robo saa, ni Kijapani lakini hata mimi sikuhitaji tafsiri.

Na ile tiketi unayobadilishiwa mlangoni ukionyesha uliyonunua msiitupe, ni kipande halisi cha mkanda wa filamu wenye vijipicha vitatu. Cha kwetu kiko kwenye dirisha la sebuleni, kila asubuhi anakinyanyua kwenye jua, anafumba jicho moja, anavihesabu.