Apu ya kupangia safari ya nje: ipi uichukue, ipi uilipie, ipi uiache

Kila msimu wa Umra ukikaribia naulizwa suala hili hili, hasa na ndugu zangu wa Pemba, nipakue apu gani nipange safari, na hizi za kulipia zina maana yoyote au ni kupoteza pesa tu. Mimi nshawapangia safari watu wengi wa nyumbani, mama na shangazi zangu Umra, ami yangu India kwa matibabu, mwenyewe Maskati mara kadhaa, na hizi ntakazozitaja nimezitumia kweli. Kipimo changu ni kimoja: ifunguke kwenye simu ya yule anaesafiri, wakati hana bando wala waifai. Isipofunguka hapo basi mie siitaki hata iwe nzuri vipi.

Na kwetu kuna jambo jengine. Safari ya mtu wa Wete haianzii uwanja wa ndege, inaanzia kwenye boti au ndege ndogo ya Chake, alale Unguja kwa jamaa, ndo aende uwanja wa ndege wa Kisauni. Apu haziijui boti ya Mkoani, kwa hiyo chukua inayokuachia uandike mwenyewe.

1. Google Keep na Google Drive, pamoja

Zote bure, na simu nyingi za Android unazikuta Gmail na Drive zishakuwemo. Keep unaandika orodha yenye vijisanduku vya kutia tiki, unamshirikisha ndugu yako kwa Gmail yake, akitia tiki yeye Unguja wewe unaona Wete, na neti ikikatika orodha bado inafunguka. Yangu ya Umra huanza na chanjo ya homa ya uti wa mgongo, naiweka juu kabisa kwa sababu inatakiwa uchomwe siku zisizopungua 10 kabla ya kufika Saudia, na hapo hakuna wa kumuomba akupunguzie. Halafu paspoti iwe imebakisha zaidi ya miezi 6, viza, tiketi, boti, miadi ya kuingia Rawdha, kwenye msikiti wa Mtume Madina, kwa Nusuk, ile apu ya Saudia ya vibali.

Ubaya wake Keep haipokei PDF, na tiketi na viza zote siku hizi zinakuja PDF. Ndo maana nimesema na Drive. Unapewa GB 15 za bure (zinahesabiwa pamoja na Gmail na picha zako), unatia faili, unagusa vidoti vitatu pembeni yake unachagua ipatikane bila intaneti. Usisahau hatua hii, wengi wanaiacha afu wanafika kaunta faili linazunguka tu halifunguki. Kaa barazani, zima data na waifai, fungua tiketi, uhakikishe kwa macho yako.

Sasa hili la saa naomba msome polepole. Tiketi ya shangazi yangu iliandikwa Ijumaa 00:50, na mimi nikainakili hivo hivo kwenye Keep, Ijumaa 00:50. Yeye akasoma Ijumaa usiku. Alkhamis saa nne na nusu usiku nampigia nimuage nikijua yuko uwanjani, akapokea kwa sauti ya usingizi, yuko kitandani Mwanakwerekwe kule Unguja na begi halijafungwa. Alhamdulillah jirani alikuwa na gari, akafika kaunta ikikaribia kufungwa, lakini mikono yangu ilitetemeka mpaka aliponitumia picha ya bodingipasi. Kosa lilikua langu mie niliyeandika. Tangu siku hiyo naandika kwa lugha yetu: "Alkhamis usiku kuamkia Ijumaa, ndege saa saba kasoro dakika kumi, uwanjani uwe saa nne kamili." Apu yoyote utakayochukua, andika hivo.

Na usiache kalenda ya simu ikupangie saa peke yake. Maskati wako mbele yetu saa moja, India saa mbili na nusu, Makka sawa na sisi. Saa za kwenye tiketi ya kurudi ni za kule unakoondokea, ukiziingiza kwenye kalenda ukiwa bado Pemba, ukifika Maskati inazisogeza saa moja mbele na wewe hujui. Kwenye noti maandishi yanabaki kama ulivyoyaandika.

2. Trello

Hii ndo naipenda zaidi mimi mwenyewe ninaepanga, ila nimeiweka ya pili kwa sababu wazee hawaifungui. Ni ubao wenye safu, kila jambo linakaa kwenye kadi, na kadi unaiburura. Mimi natia safu tatu tu, Bado, Inashughulikiwa, Tayari. Ami alipokwenda India tulikua na kadi ya barua ya hospitali, viza yake ya matibabu, viza ya mtoto wake aliyemsindikiza, majibu ya vipimo, pesa za kubadilisha, na binamu yangu aliekuwepo mjini ndo alikua anafukuzana na wakala. Akimaliza moja anaisogeza, mie Wete naona, hakuna kupigiana simu mara kumi kwa siku. Ya bure inatosha, inaruhusu watu 10 na faili lisizidi MB 10. Yakikamilika namuhamishia msafiri vitu vyake Keep na Drive.

3. TripIt

Unaipelekea imeili ya tiketi au hoteli, inakupangia ratiba yenyewe, na kwa kweli inafanya vizuri. Tatizo wakala wetu wengi wanatuma tiketi kwa WhatsApp, kwa hiyo mwambie akutumie kwa imeili. Toleo la kulipia ni dola 49 kwa mwaka, linakupa taarifa ndege ikichelewa au geti likibadilika. Kwa mfanyabiashara anaekwenda Dubai au Guangzhou kila baada ya wiki chache nasema alipie. Anaekwenda Umra mara moja asilipie.

4. WhatsApp

Kujitumia mwenyewe meseji ni rahisi na kila mtu anajua, sikatai. Lakini vitu vinazama, unatafuta viza unakutana na picha za harusi. Iwe akiba tu.

Sasa za kuziacha. Notion inataka uwe na laptop na muda. Evernote ya bure tangu Desemba 2023 inaishia noti 50 na daftari moja. Wanderlog ina ramani nzuri sana ya kutembea mji, ila kuifungua bila intaneti mpaka ulipie, na hapo kwangu imeshaanguka.

Ukiamua kulipia apu yoyote, angalia lile jaribio la bure. Kuna moja nilijiunga kwa majaribio, nikaifuta kwenye simu nikidhani yamekwisha, kumbe kufuta apu sio kufuta usajili, pesa ikakatwa ya mwaka mzima. Ingia Play Store, sehemu ya malipo na usajili, ukatishe hapo siku ile ile uliyojiunga.

Na chapisha. Paspoti, viza, kadi ya chanjo, tiketi, nakala moja moja kwenye mkoba wa mkononi sio kwenye begi linaloingia chini ya ndege, maana mtu ametoka Wete alfajiri mpaka anafika kaunta usiku simu yake ina asilimia tatu.