Deutschlandticket kwa mwanatheolojia wa mazoezi: euro 63 zinakufikisha wapi?

Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma Ujerumani nzima, ilianza Mei 2023 kwa euro 49. Januari 2025 ikapanda hadi 58, na tangu Januari 2026 ni 63. Kwa mwanafunzi wa theolojia anayeishi kwa posho ya mazoezi ya vitendo, hizo si hela za kutoa bila kupiga hesabu. Hapa tunaipima kwa safari za mtu anayetoka Makumira, chuo kikuu cha Kilutheri nchini Tanzania, kwenda Neuendettelsau, mji mdogo wa Bavaria yaliko makao ya Mission EineWelt, kituo cha Kanisa la Kilutheri la Bavaria kinachoshughulikia uhusiano na makanisa ya nje. Tiketi ni nzuri sana, ila haifai siku ya kwanza, na haifai kila usharika.

Inakupa mabasi ya mjini, tramu, treni za chini ya ardhi, S-Bahn (treni za jiji na vitongoji vyake, zenye herufi S) na treni za mikoa zenye herufi RB na RE, Ujerumani nzima, daraja la pili. ICE, IC na EC, yaani treni za masafa marefu, hazimo. FlixTrain na FlixBus, treni na mabasi ya kampuni ya Flix, hazimo pia. Ubaoni tazama herufi zilizotangulia namba ya treni, usidanganywe na rangi ya mabehewa wala jina la kampuni, maana makampuni ni mengi na tiketi ni ile ile.

Siku ya kuwasili ndipo ilipo kasoro yake kubwa. Uwanja wa ndege wa Frankfurt una stesheni mbili. Ile ya Regionalbahnhof, iliyo chini ya jengo la abiria namba 1, ndiyo ya S8 na S9 kwenda stesheni kuu ya jiji. Ile ya Fernbahnhof ni ya ICE. Ukitaka kwenda Neuendettelsau kwa Deutschlandticket peke yake utapanda S-Bahn hadi stesheni kuu, RE hadi Würzburg, RE nyingine hadi Nürnberg, S4 ya kuelekea Ansbach, ushuke Wicklesgreuth, kisha treni ndogo ya kwenda Windsbach inayopita Neuendettelsau. Ni kubadilisha mara nne, saa tano au zaidi, na lifti za stesheni hazifanyi kazi kila siku. Mwenye masanduku mawili ya kilo 23 na usingizi wa ndege asijaribu. Afadhali wenyeji wakukatie tiketi ya ICE isiyokufunga kwenye treni moja, au tiketi ya treni iambatane na ya ndege kwa mpango wa Rail&Fly. Zile za bei ya chini za Sparpreis zinakufunga kwenye treni iliyoandikwa, na ndege ikichelewa kwa sababu isiyoihusu reli, hasara ni yako.

Hata ukiitaka siku hiyo, huenda usiweze kuinunua. Huuzwa kama usajili unaojirudia kila mwezi, na wauzaji wengi hukata pesa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya Ulaya. Kwa hiyo kuna mpangilio wa kufuata. Kwanza jiandikishe kwenye ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili tangu kuhamia. Nenda na pasipoti na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba unaishi pale. Halafu fungua akaunti. Benki ikisitasita, omba Basiskonto, akaunti ya msingi ambayo kila anayeishi kihalali Umoja wa Ulaya ana haki nayo. Na kabla ya yote hayo, bandika jina lako kwenye sanduku la barua la nyumba! Tarishi wa Ujerumani anafuata jina, na barua ya benki isiyoona jina lake inarudi ilikotoka. Wageni hupoteza wiki nzima kwa kipande cha karatasi.

Ukifika katikati ya mwezi, soma masharti kabla ya kubonyeza. Wapo wauzaji wanaotoza siku zilizobaki tu, na wapo wanaotoza mwezi mzima hata kama zimebaki siku nne. Tiketi ni ile ile, kwa hiyo huna sababu ya kumpa huyo wa pili.

Jina kwenye tiketi liwe sawa na la pasipoti, maana mkaguzi hutazama vyote viwili. Tiketi iwe imeshapakuliwa kwenye simu kabla hujapanda, na simu iwe na chaji. Simu ikizima unaandikiwa euro 60, na ukionyesha ndani ya wiki moja kwamba tiketi ilikuwa hai, kwa kawaida unalipa 7. Anayeogopa hilo aagize ya kadi ngumu, ila kadi nyingi huja kwa posta, na hapo tunarudi kwenye lile sanduku la barua.

Sasa Jumapili, siku yako ya kazi. Vijijini mabasi mengi hayatembei Jumapili asubuhi, au la kwanza linapita ibada ikiwa imeshafika kwenye mahubiri. Baadhi ya maeneo yana Rufbus, basi linalokuja likiitwa tu. Huagizwa mapema, pengine tangu jana yake, na huweza kuwa na nyongeza ya nauli juu ya Deutschlandticket. Mchungaji mmoja huweza kuhudumia makanisa mawili au matatu asubuhi moja, kwa hiyo ukipangiwa kusoma somo au kuhubiri, muombe lifti siku chache kabla. Hakuna tiketi inayotatua hili.

Treni zinachelewa, tena sana. Tofauti na tiketi ya kawaida, hii haikuruhusu kuhamia ICE treni yako ikichelewa. Fidia ni euro 1.50 kwa kila ucheleweshaji wa dakika 60 au zaidi, nayo hailipwi mpaka ifike euro 4, maana yake ucheleweshwe mara tatu kwanza. Kwa semina ya saa nne asubuhi Nürnberg, panda treni moja kabla ya ile inayotosha.

Kabla ya kulipa 63 uliza ofisi inayokupokea. Mwajiri mwenye mpango wa Jobticket, yaani tiketi hii kwa wafanyakazi wake, akichangia angalau asilimia 25, huongezwa punguzo la asilimia 5, nawe hulipi zaidi ya euro 44.10. Bavaria pia ina bei nafuu kwa wanafunzi wa vyuo vyake na wanaofanya mwaka wa kujitolea wa BFD au FSJ. Aliye kwenye mazoezi tu bila mkataba wa namna hiyo hahesabiwi.

Nani ainunue? Mwenye semina, ziara za sharika na vikundi vya vijana katika miji tofauti kila wiki, bila kufikiri mara mbili. Anayelala jirani na kanisa na kwenda Nürnberg mara moja kwa mwezi aiache, achukue Bayern-Ticket ya siku, ambayo siku za kazi huanza saa tatu asubuhi na huweza kubeba hadi watu watano kwa kuongeza kiasi kwa kila mmoja.

Kusitisha ni kufikia tarehe 10 ya mwezi wa mwisho. Unarudi nyumbani tarehe 28 Agosti? Sitisha kufikia tarehe 10 Agosti, uhifadhi ujumbe wa uthibitisho, na usifunge akaunti ya benki mpaka makato ya mwisho yapite, la sivyo barua za madai zitaanza kufika kwa wenyeji wako.