Uzoefu wangu: kaburi la Francisco Pizarro, Kanisa Kuu la Lima

Kwa anayetaka kumwelewa Pizarro, Mhispania aliyeiteka Peru, kwa ziara moja tu, napendekeza Kanisa Kuu la Lima, mji mkuu wa Peru, pale Plaza Mayor, uwanja mkuu wa mji. Ukiingia kwa mlango mkuu, kikanisa chenye kaburi lake ni cha kwanza mkono wa kulia. Epuka Jumapili asubuhi, kwani kuna misa.

Mozaiki za ukutani ni nzuri, ila ni za kumtukuza. Anza na sanduku dogo la madini ya risasi. Maandishi yake ya Kihispania yanasema ndani mna kichwa cha Markizi (cheo cha kikabaila) Francisco Pizarro, aliyeishinda Peru na kuitia chini ya taji la Castilla, ufalme wa Hispania. Mafundi walilikuta mwaka 1977 katika chumba cha makaburi chini ya kanisa. Kabla ya hapo, tangu 1891, watu walikuwa wakioneshwa maiti iliyokauka ya mtu mwingine kabisa. Kilichofichua kosa ni majeraha. Pizarro aliuawa kwa panga, na maiti ile haikuwa na alama za kifo cha namna hiyo. Fuvu la sandukuni ndilo lililooana na mifupa ya kwenye sanduku la mbao lililokuwa jirani, na wataalamu wakakuta alama nyingi za upanga, hasa shingoni. Kwangu mimi, hapo ndipo thamani ya tiketi ilipo.

Lakini majeraha hayo hayaeleweki kwa mtu anayejua kisa cha mji wa Cajamarca peke yake. Wengi huja na tarehe moja kichwani: 16 Novemba 1532, Wahispania 168, kati yao 62 wa farasi, wakamteka Atahualpa, mfalme wa Wainka, wenyeji waliotawala Peru. Akajaza chumba dhahabu mara moja na fedha mara mbili kujikomboa, na bado wakamnyonga Julai 1533. Ule ulikuwa usaliti wa wazi, na nasikitika kuona wageni wakiupita haraka wakimbilie kupiga picha jeneza. Hata hivyo, si Wainka waliomuua Pizarro.

Rudi nyuma hadi mkataba wa Toledo wa 1529. Pizarro alitoka Hispania na ugavana wa Peru. Mshirika wake Diego de Almagro, waliyeanza naye safari kutoka Panama mwaka 1524, akaambulia ngome ya Tumbes tu, kwenye pwani ya Peru. Kinyongo kilianzia hapo. Baadaye wakagombea Cusco, uliokuwa mji mkuu wa Wainka: Almagro akaitwaa mwaka 1537, akashindwa vitani Las Salinas mwaka 1538, akauawa. Wafuasi wake wakabaki Lima bila ardhi wala cheo, na Jumapili ya 26 Juni 1541 wakamvamia Pizarro nyumbani kwake. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, akapigana hadi akaanguka.

Kwa hiyo ukitoka kanisani usiondoke uwanjani. Tazama Ikulu, upande wa kaskazini: nyumba hiyo ilikuwa pale pale. Umbali kutoka alipouawa hadi ilipo mifupa yake ni wa kuvuka uwanja tu, katika mji alioanzisha mwenyewe tarehe 18 Januari 1535.

Chukua mwongozaji anayeweza kukueleza habari za Almagro. Muulize kabla hamjaelewana bei. Na anayetafuta vitu vya Wainka wenyewe, hapa hatavipata, aende Cusco.