Darasa la sayansi la Jumamosi pale Mwanga, Kigoma: maoni ya mzazi

Nakausha na kuuza dagaa mwaloni Kibirizi. Binti yangu yuko kidato cha pili, na sayansi alikuwa anakariri tu. Jirani akaniambia kuna mwalimu Mwanga anafundisha watoto Jumamosi asubuhi, shilingi 3,000 kwa siku. Nikampeleka.

Siku ya kwanza hawakufungua kitabu. Kila mtoto aliulizwa ni kitu gani anakiona nyumbani kila siku na hajui sababu yake. Wangu akasema mama hudai dagaa wa kichanjani hukauka upesi kuliko wa mchangani, lakini hajawahi kupima. Kweli, miaka 12 natumia macho tu.

Nikawapa kilo moja ya dagaa wabichi wa mtumbwi mmoja. Wakagawa nusu kwa nusu, wakawaanika kwa wakati mmoja, jua lile lile, wametandazwa sawasawa. Tofauti ikawa pale walipolala tu. Saa kumi jioni wa kichanjani walikuwa gramu 150, wa mchangani 215. Nikapiga vigelegele. Mwalimu akaokota dagaa mmoja wa mchangani, akamkung'uta juu ya karatasi nyeupe. Mchanga ukamwagika.

"Mizani imepima samaki, au samaki na mchanga?"

Binti akanyamaza. Halafu akasema turudie, tutandike kitenge kikuukuu juu ya mchanga. Kabla mwalimu hajajibu akaongeza mwenyewe: na kichanjani pia tutandike, maana tutakuwa tumebadilisha vitu viwili. Hapo ndipo nilipoona hela yangu imefanya kazi. Waliporudia, kichanja kilishinda tena, ila kwa gramu 20 tu.

Kasoro ipo. Watoto karibu 30 wana mizani moja na kipimajoto kimoja. Mwenzake binti yangu aliyetaka kujua mawese yaliyoganda huanza kuyeyuka kwenye joto gani alingoja zamu hadi chupa yote ikawa maji. Tena Jumamosi moja darasa liliahirishwa bila taarifa, tukatembea bure kutoka Kibirizi. Mwalimu, ujumbe mfupi wa simu ungetosha.

Mwezi ujao nimeshalipia. Sasa binti anauliza kwa nini mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanaovua dagaa usiku kwa taa hupumzika, na ameshaniomba ndoo na tochi.